Redio Iliyokuwa Inasikiliza Tu

Mimi ni fundi wa vitu vya umeme mjini Mbinga. Natengeneza simu, inveta, chaja za sola na redio za wazee wanaokataa kununua mpya. Nina ulimi mkali, na wateja wangu wanalijua hilo. Mtu akiniletea simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji kisha akaniambia "imezimika tu yenyewe," namrudishia palepale mpaka aseme kilichotokea. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue ni mtu wa aina gani anayesimulia. Nimewasumbua watu wengi kwa kutaka waseme ukweli, na zamu yangu ilipofika nilitamani sana kunyamaza.

Kwetu si Mbinga. Kwetu ni ziwani, karibu na Lituhi, kwenye kitongoji kilichobanwa kati ya mlima na maji hata nyumba zimepangwa mstari mmoja. Mama yangu alifariki nikiwa sijaanza shule, nikalelewa na mdogo wake na mume wa huyo mdogo wake. Yeye nilimwita mama mdogo mbele za watu na mama tukiwa wawili. Mumewe namwita baba mpaka leo.

Kitongoji hakina barabara, na simu hazishiki kwa sababu bega la mlima limeuziba mnara. Ukiugua, unapakiwa kwenye mtumbwi mpaka zahanati, na hata ziwa likiwa limetulia utapigiwa kasia kwa muda wa saa tatu. Zahanati yenyewe ina boti ya injini inayofika kitongojini kwa nusu saa. Lakini lazima kwanza mtu wa zahanati ajue kwamba anaitwa.

Mama mdogo alikuwa na pumu. Haikuwa pumu ya kukohoakohoa. Ilikuwa ile ya kumfanya mtu ashike ukuta kwa mikono miwili, mabega yakipanda na kushuka, macho yamemtoka. Mara mbili boti ilimwahi kwa bahati tu, kwa kuwa ilikuwa njiani ikipita na chanjo. Nilikuwa nalala Mbinga nikifikiria mara ya tatu.

Kampuni moja ya malori ya makaa ya mawe upande wa Ngaka ilipofunga kazi, vifaa vyake viliuzwa kama chakavu. Nikapata redio za upepo mbili, zile za kuongelea kwa maiki, moja ikiwa na kioo kilichokufa kabisa. Nikapata pia swichi za mtandao zilizokuwa zikiendesha kamera za getini, na rundo la waya wake. Redio nzima niliipeleka kitongojini, nikaifunga kwenye paneli ndogo na betri nyumbani kwa mama mdogo. Ile yenye kioo kilichokufa niliipeleka zahanati. Haikuwa na taa ya kuonyesha kama imewaka, ila ukibonyeza maiki ilikuwa inalia "ti" kidogo, nami nikaona hiyo inatosha.

Shida ilikuwa zahanati. Imejengwa bondeni, karibu kabisa na maji, na pale chini redio haikumsikia mtu. Juu ya kilima, kwenye kibanda cha mlinzi, ilisikia vizuri. Betri na paneli viko chini, redio lazima iwe juu, na katikati kuna hatua mia na zaidi za njia wanayopita watoto wakienda kuteka maji. Jaribio la kwanza nilivuta waya wa kawaida na kuweka fyuzi. Siku ya nne jembe la mtu likaukata, cheche zikashika nyasi, kibanda kikaponea chupuchupu. Nesi wa zahanati, dada mmoja wa Tanga aliyeletwa huku na serikali, akaniambia kwa upole wake kwamba waya mwingine wa namna ile haupiti hapo yeye akiwepo.

Ndipo nikakumbuka zile swichi. Swichi ya namna ile hupeleka mawasiliano na umeme kwa waya mmoja, ndiyo maana kamera ya ukutani haihitaji soketi. Ndani yake kuna chipu inayosimamia umeme huo, na tabia yake ilinifurahisha kuliko za watu wengi ninaowajua. Haitoi umeme ovyo. Kwanza inatuma volti kidogo sana, ambazo haziwezi kumdhuru mtu, kuuliza kama mwisho wa waya kuna kifaa chake. Ikikuta rezista, kile kidude cha kuzuia umeme, ya kipimo inachokijua, inafungulia. Waya ukikatwa au ukigusana, inafunga mara moja. Nilimweleza nesi habari hiyo na akacheka. Alisema afadhali waya wenye adabu.

Lakini umeme wake ni wa kutosha kamera, basi. Redio ukiongea inakula mara kadhaa ya hapo. Nilipoifunga kama ilivyo, chipu ilikata kabla sijamaliza neno la kwanza. Kwa hiyo nikaanza kuifanyia upasuaji. Chipu yenyewe haiuoni umeme wote unaopita. Inachosoma ni alama ndogo juu ya rezista moja iliyokaa njiani, na kwa alama hiyo inakadiria kiasi kinachokwenda. Nikaing'oa rezista hiyo na kuweka nyingine iliyo ndogo mara kumi, ili kila kiasi kikipita, chipu idhani ni sehemu yake ya kumi. Nikabadilisha na transista inayofungulia umeme, nikaweka nene yenye bati la kupozea, nikaunganisha nyuzi zote nane za ule waya ziwe njia ya umeme. Kule juu nikaweka kishusha volti kuingia kwenye redio. Kwa lugha nyepesi, niliidanganya chipu kuhusu uzito wa mzigo iliobeba.

Ina tabia nyingine. Ikiona kifaa hakichukui umeme, au kinachukua kidogo mno, inahesabu kwamba kimechomolewa na hakuna mtu, kisha inakata. Kiwandani wameiwekea subira fupi kuliko kupepesa jicho. Hilo nalo nililisoma, nikalikumbuka, nikaweka kapasita kubwa ili isubiri nusu dakika nzima kabla ya kukata. Nilijiona mwerevu sana. Kazi hiyo ilinichukua majuma mawili ya jioni, dukani kwangu, ukungu wa Mbinga ukiingia kwa chini ya mlango, na kila nilipoyeyusha risasi ya kuungia nilikuwa namwona mama mdogo ameshika ukuta.

Siku ya kujaribu nilikuwa juu kilimani na nesi na mlinzi, mzee mmoja wa palepale tuliyemwita babu. Mafundi wa mjini wanapima redio kwa kusema moja mbili tatu. Kwetu ziwani huwezi kumfungulia mtu mdomo kwa moja mbili tatu. Nilibonyeza maiki nikasema, "Shikamoo mama." Sauti yake ikatoka, kubwa, mpaka babu akasogea nyuma.

"Marahaba mwanangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, sijui nyie."

"Sie tupo. Baba yako yupo, anasuka nyavu. Usipa umepatikana jana. Huyo nesi yupo? Mpe nimsalimie."

Nesi akampa habari za kazi, akaulizwa habari za Tanga, za mama yake, za joto la kwao, kama wanakula ugali wa muhogo au wa mahindi. Babu naye akaitwa. Aliongea Kinyasa kirefu, akicheka, maiki ameibana kama anayeogopa itamponyoka. Tulimaliza karibu saa nzima. Wakiendelea kuongea nilishuka chini kwenye swichi nikaweka kiganja juu ya bati la kupozea, nalo lilikuwa vuguvugu tu. Hakukuwa na kimya hata cha kuhesabu mpaka kumi. Nikafunga kisanduku, nikala wali kwa samaki kwa nesi, na kesho yake alfajiri nikapanda gari la kurudi Mbinga.

Tangu hapo ukawa utaratibu. Kila siku saa mbili asubuhi nesi alipanda kilimani na mama mdogo alikaa mbele ya redio yake, wakasalimiana. Baba alinieleza baadaye kwamba asubuhi hizo mke wake alikuwa anavaa kanga safi. Akiulizwa anakwenda wapi, na redio iko chumba cha pili tu, anajibu, "Nakwenda kumsalimia mwanangu." Kwake redio ile ilikuwa mimi, japo aliyejibu alikuwa mtoto wa Tanga.

Miezi ikapita. Nikishuka ziwani nilipita zahanati kukagua. Taa ya kijani kwenye swichi ilikuwa inawaka, kila baada ya muda inapepesa mara moja, halafu inaendelea. Niliiona ile kupepesa. Niliitazama kwa macho yangu, nikadhani ndivyo ilivyoumbwa.

Siku yenyewe ilikuwa msimu wa kahawa, Mbinga imejaa watu wa mashambani na mimi nina rundo la kazi mezani. Huko ziwani, saa mbili walisalimiana kama kawaida. Mama mdogo alisema kifua kinambana kidogo, labda ni moshi wa kukausha samaki. Nesi akamwambia avute dawa yake na apumzike, na kama hakijatulia aite. Saa tano hakikuwa kimetulia. Dawa ya kuvuta iliisha mkononi. Baba akakaa kwenye redio akaita, "Zahanati, zahanati, njooni na boti." Akaita mpaka adhuhuri. Alisema alikuwa anaachia maiki na kuweka sikio kabisa kwenye spika, akisikia ule mvumo mtupu, halafu anabonyeza tena. Nyuma yake mkewe alikuwa ameshika ukuta.

Adhuhuri akaacha kuita, akatafuta vijana wawili na mtumbwi. Mama mdogo alikata roho njiani, kabla hawajaizunguka ile rasi ambako paa la zahanati huanza kuonekana. Nesi alikuwa pale siku nzima. Boti ilikuwa imefungwa gatini, tanki limejaa.

Nilifika msibani kesho yake mchana. Wakanipa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu, kwa kuwa mimi ndiye mwana na nimesoma. Nikaandika alizaliwa, aliolewa, alilea, na mwishoni nikaandika kwamba juhudi za kumfikisha zahanati hazikufanikiwa. Nesi alikuja kuzika. Alikaa peke yake kwenye ukingo wa mkeka wa wanawake, na kila mtu alikuwa anajua kwa nini, maana maneno yalikuwa yameshazunguka kwamba redio ya zahanati ilizimwa. Mimi sikuwa na haja ya kunong'ona. Nilimsimamia mbele ya waombolezaji nikamwambia, "Dada, nilikupa kitu kimoja tu cha kufanya. Usikizime." Alivuta ushungi mbele, akaendelea kutazama mkeka. Hasira ilinipa nguvu ya kusimama siku ile, na nakiri kwamba nilifurahi kuwa na mtu wa kumkasirikia.

Siku ya pili baada ya mazishi nikaenda kuchukua redio yangu. Nilimkuta babu mlinzi kibandani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Pole, mjukuu wangu. Pole sana."

Nikamwuliza nani huzima redio. Alizungushazungusha fimbo yake chini kabla ya kusema. "Mimi si mtu wa kumsema nesi. Ila akishashuka asubuhi, nikibonyeza maiki hailii. Nikajua anaizima, anatunza betri ya friji ya chanjo. Yule ni serikali, mimi mlinzi. Nimwulize nini?"

Nesi alikuwa ameniona napanda, akanifuata, akayasikia maneno ya mwisho amesimama mlangoni. Uso wake ulibadilika.

"Mimi? Babu, mimi kila asubuhi naikuta imezimwa. Naiwasha, ndiyo namsalimia mama. Nikajua unaizima wewe usiku, unabania umeme. Wewe ni mtu mzima, sawa na baba yangu. Ningeanzaje kukuuliza?"

Wakatazamana. Miezi yote hiyo kila mmoja alikuwa anamsitiri mwenzake. Huko kwetu kumwuliza mtu mzima kwa nini amefanya jambo ni kama kumwambia hana akili, na nesi, japo ni mgeni, alilelewa hivyohivyo. Yule aliikuta imezimwa akaiwasha bila neno, huyu akaikuta imezimwa akaiacha bila neno. Na kwenye msiba nilipomsimamia, nesi alijua hakuzima, akadhani amezima babu, na akakubali kutukanwa yeye.

Nikaiwasha redio. Nikawaomba wakae kimya, nami nikakaa. Nje kuku walikuwa wanaparura. Ilipopita nusu dakika nikabonyeza maiki. Haikulia.

Sikuhitaji kipimo, lakini nilikitoa, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Redio ikiongea inakula sana, na ikipokea sauti kwa spika kubwa inakula wastani. Ikiwa imekaa tu inasikiliza, inakula kidogo sana. Kwa chipu ya kiwandani hicho kidogo kilikuwa kinatosha kabisa kujulikana. Kwa chipu yangu, niliyoifanya ione sehemu ya kumi ya kila kitu, kilikuwa chini ya kipimo. Nilipoidanganya kuhusu mzigo mkubwa, niliidanganya na kuhusu mdogo, na hilo sikulipigia hesabu. Redio iliyokuwa inasikiliza ilihesabiwa kuwa haipo. Ikishangoja nusu dakika yangu ya werevu, chipu ilikata. Kisha iliuliza tena na kurudisha umeme, ndiyo kule kupepesa, lakini redio ya namna ile ikishakatiwa haiwaki mpaka mtu abonyeze kitufe chake cha kuwashia. Siku ya majaribio nilijaribu kila kitu isipokuwa kukaa na kunyamaza nayo.

Niliwaambia palepale. Babu hakunielewa yote, ila alielewa kwamba si yeye na si nesi. Nesi alielewa. Aliketi kwenye kigoda na kulia kwa sauti, mara ya kwanza tangu msiba, na mimi sikuwa na haki ya kumshika bega. Nikasimama tu na kipimo mkononi. Alipotulia aliniambia jambo moja: kwamba ameandikiwa barua ajieleze wilayani, na alikuwa amepanga kujibu kwamba alisahau.

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa. Ningeweza kunyamaza. Pale hakuna ambaye angejua rezista ni nini, na nesi alikuwa hasemi. Mjomba mkubwa alipouliza kama kuna mwenye neno kuhusu kifo cha dada yao, nilisimama nikasema redio haikuzimwa na mtu, iliuawa na kazi yangu, na niliyemtukana mbele yao hana kosa. Niliwaeleza kwa mfano wa mlinzi wa geti anayemfungia nje mtu asiyepiga kelele. Wengine walisema ni mipango ya Mungu. Shangazi mmoja alitoka nje na hajaitikia salamu yangu tangu siku ile. Baba aliuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo nilipokuwa naita, kule haikuwepo?"

"Haikuwepo, baba."

Akatikisa kichwa, akaomba maji ya kunywa.

Barua ya kujieleza ya nesi niliiandika mimi, nikatia sahihi yangu chini yake. Dawa ya ule ubovu ilikuwa taa ndogo ya pikipiki, basi. Nimeifunga sambamba na redio, inakula umeme mchana na usiku bila kumulika kitu cha maana, ili chipu ijue kuna mtu. Niliifunga kwa dakika kumi. Babu aliniuliza ya nini, nikamwambia, akaitazama, halafu akaniuliza kama ningeweza kuifunga tangu mwanzo. Nilimjibu ndiyo.

Redio sasa haizimiki. Kila nikishuka nakaa nayo kwanza, saa nzima, kimya, kisha ndio nabonyeza. Inalia.

Mara ya mwisho nilikuwa pale saa mbili asubuhi, nesi yuko pembeni yangu amefunga mikono. Spika ikafunguka ghafla, ule mvumo wa mtu aliyebonyeza maiki upande wa pili. Tukasubiri. Hakuna neno lililokuja, ni pumzi tu, na mbali nyuma yake jogoo. Nesi akaninong'oneza kwamba ni baba, kwamba kila siku saa hiyo anabonyeza, hasemi, kisha anaachia. Yeye humsalimia, na hajawahi kujibiwa.

Mvumo ukakatika. Nikachukua maiki nikasema, "Shikamoo baba, ni mimi." Nikaachia, tukasikiliza wote wawili. Taa ya pikipiki ilikuwa inawaka. Tulisubiri mpaka nesi akalazimika kushuka, wagonjwa walikuwa wamefika.